Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuzuia na Kudhibiti Miripuko ya Maradhi Yanayoenezwa na Mbu, Unguja na Pemba

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara katika mikutano ya shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), vituo vya afya, skuli na barazani. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu zaidi, na pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine msomaji anaelekezwa huko kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ni maradhi gani yanayoenezwa na mbu hapa Zanzibar?

Matatu ndiyo yenye uzito mkubwa. Malaria ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo yenye programu kubwa zaidi. Ya pili ni matende na mabusha, yanayosababishwa na minyoo midogo inayoishi katika mishipa ya maji ya mwili. Ya tatu ni homa ya dengue, ambayo wengi wanaiita kidingapopo na ambayo husababishwa na virusi.

Chikungunya nayo ni jamaa ya dengue kwa dalili na kwa mbu anayeieneza. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kufuatia mripuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika, kwa hiyo si maradhi ya mbali na sisi. UKIMWI hauenezwi na mbu, hata kama mbu huyo ametoka kumuuma mtu mwenye virusi hivyo.

2. Je, mbu ni mbu tu, au wanatofautiana?

Wanatofautiana sana, na hapa ndipo juhudi nyingi za shehia zinapopotea njia. Mbu wa malaria, anofelesi, huuma usiku na huzaa katika maji yaliyo wazi na yasiyo na taka nyingi: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe, mabonde ya mpunga. Mbu wa dengue, aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na huzaa katika maji machache yaliyotuama ndani ya vyombo vilivyo karibu na watu. Mbu anayeeneza matende hapa kwetu ni kuleksi, yule anayevuma usiku mjini, na yeye hupenda maji machafu ya vyoo, makaro na mitaro iliyoziba.

Kwa hiyo shehia inayofyeka majani na kuzibua mtaro imefanya kazi njema, lakini haijaigusa dengue hata kidogo ikiwa magurudumu mabovu bado yamejaa maji nyuma ya nyumba. Kabla ya kuitisha usafi wa pamoja, ni vyema sheha na kamati yake waulize kwanza: tunapambana na mbu yupi?

3. Malaria imepungua sana. Kwa nini bado tunahimizwa, tunapimwa na kupuliziwa dawa?

Kwa sababu tumeshawahi kuipunguza tukaiacha, nayo ikarudi. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1968 Zanzibar iliendesha kampeni kubwa ya kupulizia DDT, dawa ya kuua wadudu, majumbani kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Maambukizi yalishuka sana Unguja na Pemba. Kampeni ikasimamishwa, na katika miaka michache malaria ikarudi kuwa maradhi ya kila nyumba. Ilijaribiwa tena katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Marekani, na mafanikio hayakudumu.

Awamu tuliyonayo sasa ilianza mwaka 2003, wakati klorokwini ilipokuwa imeshindwa kutibu na dawa mseto zikaingia vituoni, zikafuatiwa na vyandarua vyenye dawa ya kudumu na upuliziaji majumbani mwaka 2006. Baada ya muda mfupi kiwango cha watu wenye vimelea kilishuka chini ya asilimia 1 na kimebaki hapo kwa miaka mingi.

Ugumu ni kwamba mafanikio haya yameleta udhaifu mpya. Mtu mzima wa miaka ya 1990 aliumwa malaria mara nyingi akajenga kinga kiasi. Kijana wa leo wa Chake Chake au Magomeni huenda hajawahi kuugua, na vimelea vikimkuta vitamkuta hana kinga. Mbu bado wapo, mvua bado zinanyesha, na kila siku watu wanaingia kutoka sehemu zenye malaria nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka kwa ghafla, tena mjini, mahali ambapo wengi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba malaria ni habari ya zamani. Mwandishi wa ukurasa huu haoni sababu ya kuiita hali yetu "kumaliza malaria" mpaka tuweze kupitisha masika kadhaa bila ya maambukizi ya hapa hapa.

4. Mripuko ni nini hasa, na unajulikanaje?

Mripuko ni ongezeko la wagonjwa kuliko ilivyotarajiwa kwa mahali na wakati ule. Wagonjwa kumi wa malaria kwa wiki katika wilaya iliyozoea mia moja si mripuko. Wagonjwa kumi katika shehia iliyokuwa haina hata mmoja ni jambo la kuamsha watu usiku. Ndiyo maana vituo vya afya, vya serikali na vya binafsi, hutakiwa kutoa taarifa hata pale ambapo hawakupata mgonjwa. Sifuri nayo ni taarifa.

Tangu mwaka 2008 Zanzibar imekuwa na mfumo wa kutuma takwimu za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi, na baadaye ukaongezwa utaratibu wa kutoa taarifa ya kila mgonjwa mmoja mmoja pale tu anapogunduliwa. Tazama swali la 14 kwa yanayofuata baada ya taarifa hiyo.

## Vyandarua na dawa ya ukoko

5. Chandarua kipya nakipata wapi?

Mbali na ugawaji mkubwa unaofanyika kila baada ya miaka kadhaa, upo utaratibu endelevu. Mjamzito hupewa chandarua anapohudhuria kliniki, na mtoto hupewa anapopelekwa chanjo. Kaya ambayo chandarua chake kimechakaa, au iliyoongezeka watu, huenda kwa sheha, huandikiwa kuponi, kisha huchukua chandarua kituo cha afya. Usisubiri ugawaji wa jumla ikiwa watoto wanalala bila ya kinga leo.

6. Chandarua kipya kinawasha ngozi na kina harufu. Je, kina madhara?

Muwasho huo wa siku za mwanzo hauna hatari. Kitundike kivulini kwa siku nzima kabla ya kukitumia na hali hiyo itapungua sana. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, bila dawa ya kutoa madoa, na kianikwe kivulini, kwani jua kali huidhoofisha dawa. Maji ya kufulia yamwagwe chini, mbali na kisima na mbali na bahari, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo, na si kwa sababu ya sheria peke yake, chandarua chenye dawa hakifai kuvulia dagaa.

7. Tunang'atwa barazani kabla hatujalala. Chandarua kina faida gani hapo?

Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Baada ya miaka ya vyandarua na upuliziaji, mbu waliokuwa wakiuma ndani na kupumzika ukutani walipungua mno, na aliyebaki kwa wingi ni aina inayoitwa Anopheles arabiensis, ambaye huuma nje pia na humuuma ng'ombe akimkosa binadamu. Watu nao hawakai ndani: kuna baraza baada ya isha, maulidi, harusi, mpira unaotazamwa uwanjani, na katika Ramadhani tarawehe na daku.

Hata hivyo, saa nyingi za hatari zaidi bado ni zile za usingizi, wakati mtu hawezi kumfukuza mbu, na chandarua kinabaki kuwa kinga bora katika saa hizo. Kwa muda wa barazani, nguo ndefu na dawa ya kupaka mwilini husaidia. Kufukiza makumbi au mchaichai hupunguza kero kwa muda mfupi, lakini moshi huo haufai kufungiwa chumbani na watoto, na hali kadhalika dawa za mbu za kuchoma.

8. Wapuliziaji wanapokuja nifanye nini, na kwa nini shehia jirani imepuliziwa na yetu imeachwa?

Toa nje vyakula, vyombo, maji na mifugo. Sogeza samani katikati ya chumba na uzifunike. Watu wote watoke, hasa wajawazito, wagonjwa na watoto. Baada ya kupuliziwa, nyumba hufungwa kwa saa mbili hivi, kisha madirisha hufunguliwa hewa ipite, sakafu hufagiliwa na wadudu waliokufa hufukiwa ili kuku wasiwale. Usioshe ukuta wala kupaka chokaa mpya baada ya hapo, kwani dawa hiyo huitwa ya ukoko kwa sababu inafanya kazi ikiwa imeganda ukutani, ikimsubiri mbu atue. Wanaotaka kupaka rangi kwa ajili ya Sikukuu na wapake kabla.

Kuhusu shehia kuachwa: mwanzoni zilipuliziwa takriban nyumba zote za Unguja na Pemba. Malaria ilipopungua, upuliziaji ukaelekezwa katika shehia zenye wagonjwa wengi zaidi, kwa sababu dawa ni ghali na kwa sababu matumizi ya kupita kiasi huharakisha usugu, yaani mbu kuizoea dawa. Shehia kuachwa maana yake takwimu zake ni nzuri. Si dharau, ingawa inaeleweka kwa nini wanaotazama gari likipita wanahisi hivyo.

9. Kwa nini dawa inabadilishwabadilishwa?

Kupulizia kulipoanza mwaka 2006 ilitumika dawa ya kundi la pairethroidi, kundi lile lile linalotiwa katika vyandarua. Baada ya miaka michache ilibainika, hasa Pemba, kwamba mbu wameanza kuizoea. Ikaingia dawa ya kundi la kabamati, na baadaye oganofosfati. Kubadilisha makundi ni njia ya kuwazuia mbu wasizoee dawa moja, na hufanywa baada ya kuwakamata mbu wa hapa na kuwajaribu kwa dawa hizo.

## Mazalio ya mbu

10. Nyumbani kwangu nianzie wapi ili kuzuia dengue?

Anzia kwenye kila kitu kinachoweza kukaa na maji kwa wiki moja. Yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi katika joto letu, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa wiki unatosha kuukata mzunguko. Magurudumu ya gari, vifuu vya nazi, makopo, ndoo zilizopasuka, sahani za chini ya vyungu vya maua, mifuniko ya matangi iliyobonyea, mashua ya zamani iliyopinduliwa vibaya, turubali la mjenzi. Vyote hivi ni mazalio. Vinavyoweza kuondolewa viondolewe, visivyoweza vitobolewe au vifunikwe.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: mayai ya aedesi hugandamana ukingoni mwa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo kinatakiwa kusuguliwa. Ndoo iliyokauka tangu kiangazi huweza kutoa viluwiluwi siku chache baada ya mvua ya kwanza ya vuli.

Ama maji ya matumizi, ushauri wa "mwageni maji" hauna maana kwa familia ambayo mfereji wake hutoa maji siku moja na kukauka siku tatu. Familia hiyo itaweka akiba, na ina haki ya kufanya hivyo. Ushauri unaofaa ni kufunika pipa, hodhi au tangi kwa mfuniko usio na upenyo au kwa kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa kamba, na kulisugua kila linapokwisha. Mabirika ya kutilia udhu misikitini yakaguliwe vivyo hivyo.

11. Kwa nini serikali isipitishe gari la moshi wa dawa mitaani kila wiki?

Kwa sababu moshi huo humuua mbu anayeruka wakati ule tu. Hauyagusi mayai wala viluwiluwi, na baada ya siku chache mbu wapya wametoka. Aedesi, ambaye hupenda kujificha ndani chini ya vitanda na nyuma ya makabati, mara nyingi hata haupati. Upuliziaji wa aina hiyo una nafasi yake wakati wa mripuko, kuzunguka nyumba za wagonjwa, ili kuwapunguza haraka mbu waliokwisha kubeba virusi. Ukifanywa kila wiki huleta usugu na huwapa watu faraja isiyo na msingi, na huenda faraja hiyo ndiyo sababu ya kuombwa mara nyingi kuliko kusugua ndoo.

12. Sisi ni wakulima wa mpunga. Je, tuache kulima bondeni?

La. Mpunga ni chakula na ni riziki. Ni kweli kwamba mabonde yanayomwagiliwa, kama Cheju, huwa na mbu wa malaria kwa muda mrefu kuliko madimbwi ya mvua, lakini zipo njia za kupunguza. Pale maji yanapoweza kudhibitiwa, kuyakausha kwa siku chache na kuyarudisha huwaua viluwiluwi kabla hawajakomaa. Ipo dawa ya bakteria iitwayo Bti, ambayo huwaua viluwiluwi wa mbu bila ya kumdhuru mtu, samaki wala ng'ombe. Mwaka 2019, huko huko Cheju, yalifanyika majaribio ya kutumia ndege ndogo zisizo na rubani kumwagia juu ya maji utando mwembamba unaowazuia viluwiluwi kupumua.

Kumwaga mafuta ya taa bondeni hakushauriwi: huharibu maji na udongo. Panapokuwa na mazalio makubwa, toeni taarifa kwa sheha ili yapimwe.

13. Vyoo na makaro yana uhusiano gani na matende?

Uhusiano wa moja kwa moja, kwa sababu ya kuleksi aliyetajwa katika swali la 2. Makunduchi ina historia yake katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walimimina chembe nyepesi za polistirini, zile nyeupe zinazofungiwa vyombo vya umeme, katika mashimo ya vyoo na makaro yenye maji. Chembe hizo zilielea na kufanya tabaka ambalo mbu hakuweza kutaga juu yake wala viluwiluwi kupumua chini yake. Sambamba na hilo wakaazi walipewa dawa. Mbu walipungua kwa miaka kadhaa bila ya chembe kuongezwa mara kwa mara, na maambukizi yakashuka sana.

Nyumbani, jambo la kufanya ni kuziba nyufa za mfuniko wa karo na kufunika mdomo wa bomba la hewa kwa wavu. Chembe zinafaa pale tu ambapo shimo lina maji na halifuriki, vinginevyo zitachukuliwa na mvua.

## Kupima, kutibu na kufuatilia

14. Nimegunduliwa na malaria. Kwa nini maofisa wamekuja nyumbani kuwapima hata wasioumwa?

Kituo kinapompata mgonjwa, taarifa hupelekwa kwa simu na ofisa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya hupokea ujumbe. Yeye huenda kituoni, kisha nyumbani kwa mgonjwa, huwapima wanakaya wote, huwatibu watakaokutwa na vimelea, hukagua vyandarua na huuliza kuhusu safari. Lengo ni kumpata mtu aliyebeba vimelea bila ya kuumwa, kwa kuwa mbu akimuuma mtu huyo atawaambukiza wengine baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Swali la "umesafiri lini?" halina nia ya kumlaumu mtu, jibu lake ndilo linaloonesha kama maambukizi yameingia kutoka nje au mbu wa hapa hapa ndio wanaoambukiza, na hatua za kuchukua zinatofautiana.

Ikiwa mgeni amekuja na kuondoka, mwambie ofisa ukweli. Kuficha mgeni kunaiumiza nyumba yenyewe.

15. Nina homa tangu jana. Je, ninunue dawa mseto dukani niondoshe wasiwasi?

Usinunue. Nenda kituo cha afya ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Katika vituo vya serikali kipimo cha malaria na dawa yake hutolewa bila malipo. Homa nyingi hapa kwetu sasa si malaria, kwa hiyo anayejitibu bila kupima mara nyingi hutibu maradhi asiyokuwa nayo, huku nimonia au maradhi mengine yakiendelea. Tena mgonjwa wa malaria aliyejitibu dukani hatofikiwa na ufuatiliaji ulioelezwa katika swali la 14, na familia yake itabaki bila kupimwa.

16. Nilimaliza dozi wiki mbili zilizopita, lakini kipimo bado kinaonesha malaria. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mwambie mhudumu tarehe uliyotibiwa. Atahitaji kuangalia damu kwa darubini. Ikiwa una homa upya, usikae nyumbani ukijiliwaza kwa maelezo haya.

17. Kipimo hakikuonesha malaria, lakini homa ni kali na mwili wote unauma. Inaweza kuwa dengue?

Inawezekana, hasa ukiwa na maumivu nyuma ya macho, viungo na vipele. Dar es Salaam ilipata miripuko mikubwa mwaka 2014 na 2019, na boti zetu huenda na kurudi kila siku. Tena dengue si ngeni kwetu: utafiti uliofanywa kwa wachangiaji damu wa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta takriban nusu yao wana alama za kuwahi kuambukizwa.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Tiba ni mapumziko, maji mengi na parasetamoli. Epuka aspirini, dikilofenaki na ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu. Hatari huja mara nyingi pale homa inapoanza kushuka na familia kudhani mgonjwa amepona: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kulegea au kuhangaika. Dalili hizo zikitokea mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Alale ndani ya chandarua mchana pia, ili mbu wasichukue virusi kutoka kwake.

18. Siumwi matende wala busha. Kwa nini nimeze dawa?

Kwa sababu vijinyoo huzunguka katika damu kwa miaka kabla mguu haujavimba, na mbu huvichukua kwa mtu anayejiona mzima. Kampeni ya kumeza ivermektini na albendazoli ilianza mwaka 2001 Zanzibar nzima, na wananchi waliitikia kwa wingi. Baada ya awamu sita ikasimamishwa. Uchunguzi wa baadaye ukaonesha maambukizi bado yapo, na ugawaji ukaanza tena mwaka 2013. Ni hadithi ile ile ya swali la 3.

Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawapewi. Kichwa kuuma au homa ndogo baada ya kumeza hutokana na vijinyoo kufa. Mwenye busha hufaa kufanyiwa upasuaji, na mwenye mguu uliovimba hupata nafuu kubwa kwa kuuosha kila siku kwa sabuni, kuukausha vizuri na kuunyanyua anapokaa.

19. Kupimwa damu au kumeza dawa kunafunguza saumu?

Tone la damu la kidoleni halifunguzi kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Dawa ya kumeza hufunguza, lakini mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Surat al-Baqara. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini asiahirishe kupimwa mpaka magharibi wakati homa imeanza alfajiri. Dawa za malaria hazifai kuchelewa wala kurukwa.

## Safari, dago na wageni

20. Ninakwenda bara kwa wiki mbili. Nifanye nini?

Chukua chandarua chako, kwa sababu si kila nyumba utakayofikia itakuwa nacho cha ziada. Ukirudi, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ni ya kupimwa siku hiyo hiyo, na umueleze mhudumu kwamba ulisafiri hata asipouliza. Wanafunzi wanaorudi likizo na wafanyabiashara wanaopita bandari za Malindi, Wete na Mkoani wamo humu humu.

21. Wavuvi wa dago na wachumaji karafuu wanalala kambini. Programu inawafikiaje?

Kwa shida, na hilo lazima lisemwe. Orodha ya vyandarua hufuata kaya, na dago si kaya: ni vibanda vya makuti ufukweni ambavyo havina ukuta wa kupulizia, na watu wake wamehama kabla ya ofisa kufika. Kambi za karafuu Pemba zina tatizo kama hilo, na wachumaji huamka na giza. Linalowezekana ni mkuu wa dago au mwenye shamba kumjulisha sheha wa hapo idadi ya watu wake mapema, vyandarua vibebwe pamoja na vyombo vya kazi, na anayeshikwa na homa asisubiri bamvua liishe ndipo arudi kwao kutibiwa.

22. Hoteli zina wajibu gani?

Wajibu ule ule wa kila mwenye nyumba, kwa kiwango kikubwa zaidi: mabwawa yasiyotumika, mifereji ya paa la makuti, vyungu vya maua na matangi. Wafanyakazi wanaoletwa kutoka nje ya visiwa wapimwe wanapofika na wapewe vyandarua katika mabweni yao, ambayo mara nyingi huwa nyuma ya hoteli, karibu na karo.

## Maswali magumu zaidi

23. Mbung'o walimalizwa Unguja. Kwa nini mbu wasimalizwe vivyo hivyo?

Ni swali zuri. Mbung'o wa Unguja walitokomezwa kwa kuachia kutoka angani madume waliotasishwa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Lakini huko alikuwepo mbung'o wa aina moja tu, na jike lake huzaa buu moja moja, kwa hiyo idadi ikishushwa haipandi haraka. Mbu wetu ni wa aina nyingi, jike moja hutaga mayai mia au zaidi kwa mara moja, na dimbwi lolote linamtosha. Juu ya hayo, vimelea vya malaria husafiri ndani ya watu. Hata tukiwapunguza mbu sana, abiria mmoja mwenye vimelea huweza kuanzisha upya maambukizi pale mbu walipobaki.

24. Kuna chanjo ya malaria sasa. Kwa nini watoto wetu hawapewi?

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza mwaka 2021 na ya pili 2023, kwa watoto wanaoishi penye maambukizi ya wastani hadi makubwa. Hali yetu ni ya maambukizi madogo. Chanjo hizo hupunguza ugonjwa mkali kwa mtoto aliyechanjwa lakini hazimzuii kila mtu kuambukizwa, na kinga yake hupungua kwa muda, hivyo hazichukui nafasi ya mambo yaliyoelezwa juu.

25. Tunasikia kuna mbu mgeni wa malaria anayeishi mijini. Amefika?

Anayezungumzwa ni Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Jibuti mwaka 2012, kisha Ethiopia, Sudan, Somalia na Kenya. Tofauti na anofelesi wetu, yeye huzaa katika matangi na mapipa ya maji safi mjini, na huvumilia kiangazi. Huhofiwa zaidi penye bandari, kwa kuwa husafiri na vyombo na mizigo. Kwa upande wa mwananchi, kinga dhidi yake ni ile ile ya swali la 10. Kwa upande wa serikali, kazi ni kuwakamata na kuwatambua viluwiluwi wa bandarini na viwanja vya ndege mara kwa mara. Akiingia bila kuonekana, hesabu yote ya malaria ya mjini, yaani mitaa ya Ng'ambo na Mji Mkongwe, iliyojengwa juu ya imani kwamba mbu wa malaria ni wa shamba, itabidi ifanywe upya.